XP huku Kusini: kipi kinavunjika kwanza, jozi, testi au mteja?

#1 Fundi_Shangani
Wakuu, kuchele.

Tuko wanne, chumba kimoja hapa Shangani, Mtwara. Tangu mwaka jana tunatengeneza mfumo wa mizani na malipo kwa chama kimoja cha msingi cha korosho, jina naliacha. Mkulima analeta gunia, karani anapima, stakabadhi inatoka, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada ukipita makato yanakatwa, hela inaingia benki. Ukisimulia hivi unaona kazi ya wiki mbili.

Tuliamua kufuata XP (Extreme Programming, namna ya kutengeneza programu za kompyuta) bila kuchakachua. Watu wawili kibodi moja. Testi, yaani kipimo cha kuona programu inatoa jibu sahihi, inaandikwa kabla ya programu yenyewe. Toleo dogo kila Ijumaa. Mteja anakaa nasi. Hakuna kukesha. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa raha, hata mke wangu alishangaa naonekana nyumbani jua halijazama.

Oktoba msimu ukafunguliwa. Jozi zikavunjika, kila mtu na kompyuta yake. Testi tukaziweka kando "kwa muda". Mteja simu haipokelewi. Tukakesha wiki tatu. Na katikati ya kukesha huko ndipo mfumo ukakata uzito wa gunia tupu mara mbili kwa kila mkulima. Mwenye magunia 20 kapungukiwa kilo 20. Hata kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ya mwaka 2018 hiyo ni elfu 66, mtu na mkewe wanakuja ofisini na panga (la shambani, lakini panga ni panga).

Hoja yangu: hii njia ilitungwa kwa watu wasio na msimu. Nani kaiweza huku? Na kwenu kilikufa kipi kwanza?

#2 Mtani_Mitwero
Kwanza hongereni, Mtwara mna chumba. Sisi Lindi tunaandikia programu barazani, kuku wanapita juu ya kibodi, na bado kazi inatoka 😂

Naweka kiti, nasubiri wajuzi.

#3 Kadi_Mezani
Mkuu #1, tatizo umeanzia kwenye matendo ukaacha thamani. XP ina thamani nne: mawasiliano, urahisi, mrejesho, ujasiri. Hayo mengine ni namna ya kuzitekeleza. Wazee walikutana kule milimani Utah mwaka 2001, wakakubaliana, XP ikazaliwa. Thamani zikiwepo, hata ukikosa jozi unaishi.

#4 Bint_Mikindani
Hilo kosa la gunia nalijua kama sura yangu. Ngoja niwaeleze, maana kwetu lilikamatwa.

Mimi ni mtoto wa mjini. Korosho naijua ya kwenye kikombe pale stendi. Niliandika hesabu yangu safi kabisa: uzito wa mzani, toa uzito wa magunia, yaani idadi ya magunia mara kilo moja. Jozi wangu kazaliwa Newala, kalala juu ya magunia tangu utoto. Alikuwa kimya karibu nusu saa, nikajua kasinzia. Mara akasema: "Dada, kwani karani si anaanza kwa kuweka gunia tupu juu ya mzani, halafu anaurudisha sifuri?"

Basi. Namba inayosomeka pale tayari gunia limeshatoka. Yeye hakuandika hata mstari mmoja asubuhi ile, lakini ndiye aliyefanya kazi.

Kwa hiyo Fundi, msimu siulaumu. Mlipotenganisha jozi, aliyejua programu alibaki na programu, aliyejua korosho akabaki na korosho.

#5 Mzee_wa_Smalltalk
Salamu kwenu. #3 kijana wangu, umechanganya madebe.

Mkutano wa Utah, Februari 2001, watu 17, ulitoa ilani ya ajaili (Agile), yaani msimamo wa pamoja wa watu wa njia nyepesi kama XP. XP ilikuwa imeshazaliwa na imeshaota meno. Kent Beck, mwasisi wa XP, aliitwa kampuni ya magari ya Chrysler mwaka 1996 kuokoa mradi wa mishahara uitwao C3, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Smalltalk. Ron Jeffries akaja kufundisha timu, Ward Cunningham naye fikra zake zimo humo. Mwaka 1997 mfumo ukaanza kulipa watu kama 10,000. Kitabu cha Beck kikatoka 1999. Wale wa Utah waliikuta XP mezani, na baadhi yao ndio walioipika.

Thamani nazo ni tano. Nne ni za toleo la kwanza, ya tano, heshima, iliongezwa toleo la pili la 2004.

Na Fundi usiseme haikutungwa kwa watu wenye msimu. Ilitungwa kwenye mishahara. Mwenye mshahara haambiwi "subiri toleo lijalo".

#6 Kadi_Mezani
Nimesahihishwa, shikamoo mzee. Lakini nne au tano, hoja yangu bado inasimama.

#7 Mwenye_Ofisi_Ligula
Mimi ndiye ninayelipa mishahara, acheni niseme. Watu wawili kompyuta moja ni mishahara miwili, kazi moja. Mteja wa huku ananiuliza "lini", hajawahi kuniuliza "mlikaa wangapi". Bint_Mikindani, kisa chako kizuri, ila jozi wako ungemwuliza kwa simu dakika mbili ukamlipa vocha.

#8 Bint_Mikindani
@Mwenye_Ofisi_Ligula nimwulize nini, bosi? Sikujua kama kuna swali. Ndiyo shida yenyewe.

#9 Mwali_wa_Kinu
Watu wa mjini wamesahau kinu. Kinamama wawili, kinu kimoja, michi miwili, mmoja anashuka mwingine anapanda. Hakuna anayesema "mnapoteza mtu". Ukitwanga peke yako unachoka, unaanza kutwanga ovyo, mahindi yanaruka nje.

#10 Mwenye_Ofisi_Ligula
Kwenye kinu michi yote miwili inatwanga! Kwenye jozi mmoja anatwanga, mwingine anaangalia na kula ming'oko.

#11 Mtani_Mitwero
Basi sema dereva na utingo. Bosi, rudisha lori lililojaa korosho kinyumenyume mpaka mlango wa ghala bila utingo, halafu tupigie picha ukuta 😂😂

#12 Mzee_wa_Smalltalk
Utingo ni mfano mzuri, ila kwenye XP wanabadilishana usukani. Utingo asiyewahi kushika usukani hajui kwa nini dereva anasita.

Kisa kidogo. Mwaka 1997 Beck na Erich Gamma walikuwa ndegeni kutoka Zurich kwenda Atlanta kwenye mkutano. Wakaweka kompyuta moja katikati yao, wakaandika JUnit, chombo cha kupimia programu za lugha ya Java. Kimeigwa katika lugha chungu nzima. Sasa bosi wa #7 angewaambia mmoja alale.

#13 Kichwa_Ngumu_Masasi
Hao ni Beck na Gamma. Mimi jozi wangu alikuwa mpwa wa mkurugenzi.

#14 Fundi_Shangani
@Bint_Mikindani umenigusa. Mjuzi wetu wa korosho ni kijana wa Tandahimba na ndiye mdogo kuliko wote ofisini. Nilimuuliza jana: uliliona lile la gunia? Akasema aliliona. Kwa nini hukusema? "Bro, ulikuwa hujalala siku mbili, nikaona heshima ninyamaze."

Sasa mzee wa #5, hiyo thamani ya tano ndiyo iliyotuua.

#15 Kadi_Mezani
Hapo sasa! Ndiyo maana nasema anzeni na thamani. Heshima ya XP si kunyamaza. Ni kuona kila mtu kwenye timu ana uzito sawa, kazi ya mwenzako huiharibu, na mwenzako hakuharibii.

#16 Shangazi_Chikongola
Msiisingizie shikamoo jamani. Mimi nimemwamkia babu yangu kila asubuhi, na babu huyohuyo nilimwambia fundo lake la kamba ya mashua limelegea. Unaamkia kwanza, unasema baadaye. Kijana hakunyamaza kwa heshima, alinyamaza kwa woga. Kuna siku mlimkaripia, na huyo #1 anaijua siku hiyo.

#17 Fundi_Shangani
😶

#18 Kichwa_Ngumu_Masasi
Shangazi kamaliza. Uzi ufungwe.

#19 Lori_la_Ndanda
Haufungwi. Mnakimbilia heshima na ujasiri kwa sababu havina gharama kuvizungumza. Kilichowaua ni testi. Fundi kasema mwenyewe: "tukaziweka kando kwa muda".

Angalieni. Kwenye XP programu si ya mtu, yeyote anaruhusiwa kugusa popote. Anaruhusiwa kwa kuwa testi zipo, akiharibu zinapiga kelele. Anaruhusiwa kupangua na kupanga upya kwa sababu hiyohiyo. Toleo la kila wiki linawezekana kwa sababu hiyohiyo. Ni kama nyumba ya fito, kila ufito umefungwa kwenye mwenzake. Nyie mlichomoa ufito wa testi mkabaki na ruhusa ya kila mtu kugusa kila mahali. Hiyo si XP nusu, hiyo ni hatari kuliko mtindo wa kale ambapo angalau kila mtu alichunga zizi lake.

Mimi ningekuwa na testi moja tu: gunia kumi, mzani umesoma kilo 800, stakabadhi isome 800. Mstari mmoja. Isingepita usiku ule.

#20 Bint_Mikindani
@Lori_la_Ndanda nani angeiandika hiyo testi? Anayeamini gunia halijatolewa angeandika stakabadhi isome 790, na testi ingepita kijani kibichi. Testi inalinda unachokijua.

#21 Lori_la_Ndanda
Hmm. Hapo umenikamata mguu mmoja. Ndiyo maana XP ina testi za aina mbili, za mwandishi na za mteja. Hiyo ya 800 ilikuwa ya mteja kuitaja.

#22 Mwali_wa_Kinu
Mteja yupi sasa? #1 kasema simu haipokelewi.

#23 Karani_Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa naingia. Nimepima korosho misimu mingi, tangu kabla ya hizo kompyuta, na huu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku Mtwara msimu wa 2007/08 nilikuwa mezani.

Fundi, mteja wenu alikuwa nani? Nabashiri: kiongozi. Aliyesaini mkataba, aliyekuja siku ya kwanza na kanzu nzuri. Huyo hajagusa mzani. Oktoba yuko kwenye vikao, Novemba yuko mnadani. Aliyekuwa anajua gunia linavyorudishwa sifuri ni karani, anayelipwa kidogo, ambaye hakuna aliyempa kiti kwenye hicho chumba chenu cha Shangani. Na mwisho wa mstari kuna bibi wa Kitangari ambaye hataki nywila wala akaunti. Anataka ujumbe wa simu usomeke na mjukuu wake: bibi, kilo zako ni kadhaa, daraja la kwanza, umebakiwa na shilingi kadhaa.

Hao wenu wanasema mteja akae na timu. Sawa. Lakini mleteni anayeshika gunia.

#24 Mzee_wa_Smalltalk
Naunga mkono, na naongeza. Msimu ukianza karani haondoki kwenye mzani hata dakika. Basi timu ndiyo ikakae kwake. Beba kompyuta, kaa chini ya mkorosho karibu na ghala.

#25 Mtani_Mitwero
Chini ya mkorosho wakati wa mabibo? Hawatarudi hao. Saa nne watakuwa wanaonja uraka, pombe ya mabibo, saa sita testi zote kijani 😂

#26 Shangazi_Chikongola
Uraka si tatizo, tatizo nipa, ile gongo yake. Mtofautishe.

#27 Kichwa_Ngumu_Masasi
Shangazi anajua mengi.

#28 Nukta_Moja_Nachingwea
Nirudi kwenye mada, maana nina kidonda. Urahisi. XP inasema usijenge kitu hutakihitaji leo, jenga kirahisi kinachofanya kazi sasa. Niliamini kama msahafu. Mfumo wetu ulikuwa na sehemu ya mazao mengine, mwenzangu aliianza kwa kuwa "siku moja itafaa". Nikaifuta mbele yake. Nikamwambia korosho tu, mengine utabiri wa mganga. Haikupita muda ufuta ukaingia stakabadhi ghalani, mbaazi zikafuata. Nikajenga upya kila kitu, usiku, nikiwa na yule mwenzangu ananitazama tu, haongei. Kimya chake kilikuwa kibaya kuliko matusi.

Mtu wa Kusini anajua zao moja halikai peke yake. Huo si utabiri, huo ni ujuzi.

#29 Lori_la_Ndanda
Swali moja: kujenga upya kulichukua siku ngapi?

#30 Nukta_Moja_Nachingwea
Sita.

#31 Lori_la_Ndanda
Na hiyo ya mwenzako ingefanana na ufuta ulivyokuja kweli? Magunia, madaraja, makato?

#32 Nukta_Moja_Nachingwea
... Makato yangekuwa tofauti. Lakini siku sita ni siku sita, mkuu.

#33 Kibatari_Kilwa
Wote mnasahau umeme na intaneti. XP inataka kuunganisha kazi ya kila mtu mara kadhaa kwa siku. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mtandao wa nchi ukawa wa kubahatisha, na wiki hizohizo barabara ya Lindi kwenda Dar ilikuwa imekatwa na mvua kule Somanga. Seva yetu ya kuunganishia iko mbali huko ughaibuni. Siku nne kila mtu na kipande chake. Tulipounganisha ilikuwa kama kurudisha nyama kwenye ng'ombe.

#34 Mzee_wa_Smalltalk
@Kibatari_Kilwa hapo nakupinga kwa historia. Hao wa 1996 hawakuwa na seva za kukodi ughaibuni. Walikuwa na kompyuta moja chumbani kwa ajili ya kuunganishia tu. Jozi ikimaliza inahamia pale, inaunganisha, inaendesha testi zote, ikipita inaondoka. Jozi moja kwa wakati mmoja. Intaneti haikuwa sharti.

#35 Bint_Mikindani
Sisi tunafanya hivyo! Kompyuta kuukuu kwenye kona, betri ya jua, waya mmoja. Na ili watu wawili wasiingie pamoja tuna balaghashia moja. Aliyeivaa ndiye anayeunganisha. Nami naivaa, wateja wakiingia wanaduwaa.

#36 Kibatari_Kilwa
Balaghashia nimeipenda, naiba. Kompyuta ya kona ninayo, ilikuwa inashikilia mlango.

#37 Mwenye_Ofisi_Ligula
Kimya changu si kushindwa. Nimepiga hesabu ya Fundi: wakulima waliokatwa, siku za kuwarudishia, nauli, chai za kuombea radhi, mkataba wa mwaka ujao ambao sasa unaning'inia. Ni zaidi ya mshahara wa huyo mtu wa pili kwa msimu mzima. Sijasema nakubali jozi. Nasema nimepiga hesabu.

Ila mtu aniambie hii: kukesha. XP ilisema saa 40 kwa wiki. Korosho haina saa 40. Mnada ukipita leo, malipo hayasubiri.

#38 Kadi_Mezani
Waliibadili jina baadaye, ikawa mwendo unaohimilika. Namba iliondoka. Hata maelezo ya mwanzo yaliruhusu wiki moja ya kukaza. Walichokataza ni wiki ya pili mfululizo, ikifika hiyo basi mpango wenyewe una ugonjwa.

#39 Kichwa_Ngumu_Masasi
Fundi alikesha tatu. Daktari!

#40 Mpita_Njia_Ruangwa
Niwatie pilipili kidogo. Mnaisifu hiyo C3 kama mkombozi. Ilisimamishwa Februari 2000, Chrysler ikiwa imeshaungana na Daimler-Benz. Haikufika kulipa wafanyakazi wote waliokusudiwa. Mtoto wa kwanza wa njia hii hakumaliza shule, nyie mnaning'iniza picha yake ukutani.

#41 Mzee_wa_Smalltalk
Ni kweli, ilisimamishwa. Sikuificha, hamkuniuliza. Na hao kama 10,000 walilipwa tangu 1997, nalo ni kweli. Wengine wanasema mabwana wapya hawakuutaka, wengine wanasema mwendo ulipungua baada ya toleo la kwanza. Mimi sikuwepo chumbani.

#42 Lori_la_Ndanda
Mradi kufa si lazima njia iwe imekufa. Mashua inazama na fundi aliyeiunda bado ni fundi.

#43 Mpita_Njia_Ruangwa
Au mashua ilizama kwa kuwa fundi ni yuleyule 😅 Nauliza tu.

#44 Kadi_Mezani
Kwa wanaotaka kitu chepesi kuna skramu (Scrum), njia nyingine ya ajaili, ya Schwaber na Sutherland. Haikulazimishi jozi wala testi, inapanga tu vipindi na vikao.

#45 Lori_la_Ndanda
Ndiyo maana watu wanaipenda, unafanya vikao na gunia bado linakatwa mara mbili.

#46 Shangazi_Chikongola
Fundi, umeenda wapi? Ulimwomba radhi yule mtoto wa Tandahimba?

#47 Fundi_Shangani
Nipo, shangazi. Nilimwomba. Alicheka, akasema "mbona kawaida, bro", nikaona hajanisamehe vizuri.

Nimesoma yote. Lori anasema testi, Bint anasema jozi, Karani anasema tulimkalisha mteja asiye mwenyewe, Nachingwea hata urahisi haamini tena. Kila mmoja ana kisa, na visa vyote vinaingia kwenye msimu wetu uleule. Sijui nianze kuvuta kamba ipi.

Nilichofanya: asubuhi tumeenda wawili, mimi na kijana, mpaka ghalani kwa karani. Msimu bado, ana nafasi. Nimemwachia kijana kompyuta, mimi nikakaa pembeni nikashika daftari. Swali la kwanza la karani: "Gunia likilowa mvua, mfumo wenu unafanyaje?"

Hatukuwa na jibu. Kwani nyie wengine, gunia lililolowa mnalipimaje?

#48 Karani_Mstaafu
Halipimwi. Linaanikwa kwanza. Lakini ngoja nikueleze siku foleni ikiwa ndefu huwa inatokea nini...